Dalili za matatizo ya ulaji: maswali ambayo wazazi, walezi na vijana huniuliza mara kwa mara

Nilisomea uuguzi, kisha nikawa matroni wa bweni la wasichana kwa miaka tisa. Maswali haya nimeulizwa na akina mama siku za wazazi kutembelea, na walimu wenzangu, na wasichana wenyewe usiku taa zikishazimwa. Nimeyajibu kwa ajili ya yeyote anayeishi na mtu anayemtia wasiwasi kwenye chakula. Majibu haya hayakai mahali pa daktari. Yatakusaidia kujua lini umwendee, na ukifika useme nini.

Tatizo la ulaji ni nini? Si mtu kuchagua chakula tu?

Mtoto asiyependa bamia huzisogeza pembeni, akala vingine, akaenda kucheza. Huyo anachagua chakula. Tatizo la ulaji ni ugonjwa wa akili uliopiga kambi kwenye chakula na mwili. Kutwa nzima mtu anawaza amekula nini, atakula nini, atakikwepa vipi, atakiondoaje. Masomo, marafiki, usingizi, hata ibada, vyote vinapangwa kwa kuangalia chakula kiko wapi.

Yapo ya namna kadhaa. Mwenye anoreksia anajinyima na anaogopa sana kunenepa, hata akiwa amebaki mifupa. Mwenye bulimia anafakamia chakula kingi kwa muda mfupi, kisha anahangaika kukiondoa kwa kujitapisha, kwa dawa za kuharisha, kwa kukaa bila kula au kwa mazoezi yasiyo na mwisho. Wengine hufakamia bila kukiondoa; hula peke yao, kwa siri, mpaka tumbo linauma, halafu wanajichukia. Tafiti nyingi zinaonyesha hawa ndio wengi kuliko makundi mawili ya kwanza, ingawa mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliwatambua kama wagonjwa wa aina yao mwaka 2013 tu. Wapo pia, hasa watoto, wanaokimbia chakula bila kujali uzito kabisa: anaogopa kupaliwa, anaogopa kutapika, au havumilii harufu na ulaini wake, hadi kukua kunasimama.

Mtu anaweza kuanza na moja akahamia jingine. Usipoteze muda kutafuta jina lake kamili nyumbani.

Haya si maradhi ya Wazungu?

Hili naulizwa kuliko yote, na hili ndilo linalotuchelewesha kuliko yote.

Ni kweli kwamba anoreksia ilianza kuelezwa kama ugonjwa wa peke yake Ulaya, mwaka 1873, na madaktari William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris. Bulimia nayo ilielezwa London na Gerald Russell mwaka 1979. Lakini ugonjwa haungoji kuandikwa ndipo uingie nyumba ya mtu. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa wanafunzi wa kike 668 wa sekondari nchini Ghana. Kumi kati yao walikuwa wamekonda mno, na haikuonekana sababu nyingine isipokuwa kujinyima chakula wenyewe. Hakuna hata mmoja aliyesema anaogopa unene. Walijieleza kwa lugha ya dini: kujitawala, kuishinda njaa. Binti wa namna hiyo akikaa mbele yetu tungesema ni mcha Mungu, tukamsifu.

Mfano wa pili ni Fiji, visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Katika jimbo la Nadroga, kama kwetu, mwili uliojaa ulikuwa sifa, na mtu akikonda ndugu waliingiwa na hofu. Televisheni ilifika mwaka 1995. Anne Becker, mtafiti wa Kimarekani, aliwahoji wasichana wa shule mwaka huo, akarudi 1998. Mara ya kwanza hakuna msichana aliyesema anajitapisha ili apungue. Baada ya miaka mitatu walisema hivyo zaidi ya 11 katika kila 100.

Nikiisoma habari hiyo naiona Tanga, naiona Mombasa. Bibi anakwambia umenawiri, mjukuu anasikia ameambiwa bonge. Wote wawili wako kwenye baraza moja, lakini mjukuu ana simu mkononi.

Mwanangu hajakonda. Si niache wasiwasi?

Usiuache. Wenye bulimia wengi wana uzito wa kawaida kabisa, na wanaofakamia kwa siri mara nyingi ni wanene. Mtu aliyekuwa mnene anaweza kujinyima hadi moyo ukadhoofika, nasi tukimtazama bado tunamwona ana mwili wake. Tena ndiye anayepigiwa makofi: "Umependeza! Umefanyaje?" Kwa masikio yake hiyo ni amri ya kuendelea.

Katika kazi yangu, mizani imenidanganya mara nyingi kuliko ilivyonisaidia. Kilichonisaidia ni kuangalia siri. Ukiona chakula kimekuwa jambo la kufichwa, kusemewa uongo au kuogopwa, hapo pana neno, mwili uwe na umbo lolote.

Nikiwa naye mezani, niangalie nini?

Kwetu tunakula pamoja, na watu hudhani kwa hiyo hakuna kinachofichika. Sinia huficha sana. Mikono sita imo ndani, nani amehesabu matonge ya nani? Tazama mkono wake. Utamwona anamega ugali kidogo, anaufinyanga kwa vidole muda mrefu kuliko unavyohitaji, anauchovya, anaurudisha upande wake, anaanza kuufinyanga tena. Kwenye wali anasogeza punje kumwelekea mdogo wake, anachambua nyama mpaka inakuwa nyuzi, anatafuta mfupa wa kushika ili mkono usionekane mtupu. Anakunywa maji mengi kabla ya kula. Anaongea sana, au ghafla anakumbuka kuna kitu jikoni.

Kisha sikiliza sababu zake. Nimekula shuleni. Nimekula kwa shangazi. Kichwa kinauma. Nyama nimeacha. Wiki ijayo wanga ameacha, mwezi ujao mafuta, na orodha ya anachokula inafupika. Sababu moja si kitu. Ukizisikia kila siku kwa wiki tatu, ziandike.

Ipo dalili nyingine iliyonipita mimi mwenyewe, nami nina cheti cha uuguzi. Bwenini kwangu alikuwepo binti wa kidato cha tatu, kiranja wa chakula. Bwaloni yeye ndiye aliyegawa, anakumbuka nani hapendi maharage ya juu, anamwekea mgonjwa uji. Nilimsifu mbele ya wenzake. Alikuwa na daftari la kurasa mia moja alilojaza mapishi: pilau, visheti, mkate wa ufuta, samaki wa kupaka, vipimo vyote kwa mwandiko mzuri na mstari mwekundu chini ya kila kichwa cha habari. Asubuhi moja alianguka mstarini. Nilipomshika mkono ndipo nilipojua chini ya sweta kulikuwa na nini. Miezi aliyogawa chakula, sahani yake mwenyewe hakuna aliyewahi kuiona.

Baadaye nilisoma habari za jaribio la Chuo Kikuu cha Minnesota la mwaka 1944 na 1945. Mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 wa kiume, wazima, waliojitolea, kwa miezi karibu sita. Vijana wale wakaanza kusoma vitabu vya mapishi, kuota chakula, kulamba sahani, kukaa na mlo mmoja muda mrefu, na kununa bila sababu. Ni njaa iliyowafanya vile. Kwa hiyo ukimwona mtu anapika kwa mapenzi makubwa, anawalisha wote, anatazama video za mapishi mpaka usiku, naye hali, ujue huenda ana njaa kali.

Na nje ya meza?

Bafuni. Mtu anayekwenda kuoga au chooni mara tu baada ya kula, kila mlo, na kufungua bomba au kumwaga ndoo ya maji muda wote ili kelele zifunike. Harufu ya matapishi, au harufu ya Dettol nyingi mahali ambapo hapakuwa na uchafu.

Chumbani. Maganda ya biskuti na karatasi za mandazi chini ya godoro au ndani ya tranka. Chakula kilichopotea kabatini bila mtu kukiri. Pesa za matumizi zinazoisha kabla ya wakati. Sanamaki, chumvi ya haluli, chai za kupunguza tumbo, vidonge vya kuharisha.

Mavazi. Sweta mchana wa Dar es Salaam mwezi wa pili. Dera linazidi kupanuka kila mwezi. Hapa nenda taratibu, maana binti anayejisitiri kwa imani yake hana kosa lolote. Tazama kama ni mabadiliko ya ghafla, na kama hata akiwa na mama na dada zake tu ndani ya nyumba bado anajificha.

Mwenendo. Kujipima kila siku, kujikagua kwenye kioo au kukikwepa kabisa kioo. Mazoezi hata akiwa na homa, na hasira akikosa. Kukataa harusi, maulidi, hitma, sherehe yoyote yenye chakula. Kununa, kujitenga, kushindwa kukaza mawazo darasani.

Mwilini kuna alama gani?

Baridi ya mara kwa mara, vidole vya kibuluu, kizunguzungu akisimama. Nywele zinazokatika, na wakati huohuo vinyweleo laini kama vya mtoto mchanga vinaota usoni na mgongoni. Choo kigumu. Hedhi inayoruka au kukata. Kwa msichana mdogo, isiyoanza. Kwa mtoto anayekua, kutoongezeka uzito wala urefu kuna uzito uleule wa kukonda, kwa hiyo kadi yake ya kliniki ina kazi hata akishaanza shule.

Anayejitapisha huvimba mashavu chini ya masikio, kwenye tezi za mate, mpaka uso unaonekana umejaa. Meno yake huliwa na asidi, hasa nyuma ya meno ya mbele ya juu. Sugu juu ya vifundo vya vidole vya mkono mmoja ni alama aliyoitaja Russell, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Isipokuwepo haina maana hajitapishi.

Anasema ana vidonda vya tumbo. Nimwamini?

Mwamini kiasi cha kumpeleka kupimwa.

Kwetu "vidonda vya tumbo" ni blanketi linalofunika kila kitu. Mtu akiyasema, hakuna anayemuuliza tena kwa nini hali maharage, kwa nini anatapika, kwa nini anakunywa maziwa tu. Wapo wenye vidonda kweli. Wapo waliojifunza kwamba maneno hayo yanafunga mdomo wa kila mtu mzima.

Upande wa pili nao una mtego. Mtu akikonda, mtaani wanasema ni ngoma. Msichana akitapika, wanasema ni mimba, na kabla jua halijazama ameshapigwa. Wengine wanakimbilia kwa mganga. Ninakuomba usichague jibu kabla ya kipimo. Kukonda na kutapika kunaweza kutokana na kifua kikuu, VVU, kisukari, minyoo, tezi ya thairoidi, ujauzito, na magonjwa mengine ya tumbo. Daktari ataanza na hayo, na ni haki yake kuanza hapo. Yakipimwa yote yakawa safi, ndipo watu husema "hana ugonjwa" na kumrudisha nyumbani, na hapo ndipo ulipaswa kusema habari ya bafuni na yale uliyoyaandika.

Tutatofautishaje na mfungo?

Swali zuri, na linahitaji adabu. Saumu ya Ramadhani ina mwanzo na mwisho wa kila siku. Mfungaji anaingoja futari, anafurahia tambi na kaimati na uji wa pilipili manga, na Idi anakula na wenzake. Mkristo aliye kwenye Kwaresima au maombi ya kufunga naye ana siku aliyojiwekea kumaliza.

Mtie shaka mtu ambaye magharibi ikiingia ndipo anapopata hofu. Anafungua kwa maji na tende nusu, anaruka daku kila siku, Ramadhani ikiisha anaunganisha saumu ya siku sita, kisha Jumatatu na Alhamisi, kisha kila siku kuna sababu. Au aliyemaliza siku 21 za maombi akaongeza nyingine, na mchungaji wake hana habari. Muulize kama Mola angemruhusu ale leo angejisikiaje. Anayefunga kwa ibada hujibu bila shida. Mwenye ugonjwa huu huingiwa na woga.

Qurani, katika Sura ya Al-Baqara, imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine, na ugonjwa huu ni ugonjwa. Zungumza na sheikh au padri unayemwamini, umpe taarifa ya daktari. Neno lake linaweza kumtoa binti kwenye hatia ambayo mama hawezi kumtoa.

Anakula udongo na mchele mbichi. Nayo ni tatizo la ulaji?

Ndiyo, kula kisicho chakula kumewekwa kwenye kundi hilo, ingawa ni jambo la namna yake na haliendani na hofu ya unene. Mpime damu kwanza. Udongo, mkaa, chaki, barafu na mchele mbichi mara nyingi hutamaniwa na mwenye upungufu wa damu. Watafiti waliofanya kazi na wajawazito wa Pemba walikuta mambo hayo yameshikana. Mjamzito anayenunua udongo sokoni asichekwe. Apimwe, apewe madini ya chuma na dawa za minyoo kama daktari ataona inafaa.

Wavulana wanapata?

Wanapata, nao huchelewa zaidi kusaidiwa kwa sababu hakuna anayewafikiria. Kwa mvulana hofu mara nyingi ni kuwa mwembamba, au kutokuwa na misuli. Utamwona gym mara mbili kwa siku, anakula mayai na unga wa protini tu, anakataa chakula cha mama yake, anajificha kifua. Wanariadha wa mbio ndefu nao wako hatarini, wa kike na wa kiume. Mwanariadha wa kike asiyepata hedhi asiambiwe ni kawaida ya mazoezi. Mwili unaokosa chakula cha kutosha huacha hedhi na mifupa huanza kudhoofika, ikavunjika mazoezini.

Na hawa wanaotumia vidonge vya kunenepa?

Wapo wengi, nami nawaweka hapa kwa makusudi. Dexa, na Periactin ambayo ni dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula, zinauzwa mkononi kwa wasichana wanaotaka shepu. Dexa ni dawa ya steroidi: hupandisha sukari na presha, hupunguza kinga, na ukiizoea kisha ukaikata ghafla unaweza kuanguka. Aliyeitumia muda mrefu aende kwa daktari kuipunguza pole pole. Binti anayeuchukia mwili wake kwa wembamba na anayeuchukia kwa unene wanaumia mahali pamoja.

Dayati inavuka mpaka lini?

Bibi harusi anayetaka gauni limkae vizuri anaweza kupunguza soda na chapati, na siku ya kitchen party akala biriani akacheka. Amevuka mpaka pale kosa dogo linapodai adhabu: amekula maandazi mawili, basi kesho hali kabisa, au anakimbia mpaka magoti yavimbe. Amevuka pia pale lengo linapohama kila akilifikia.

Sanamaki na haluli, ambazo wengi huziona salama kwa kuwa ni za asili, hufukuza maji utumboni, wala hazizuii sehemu kubwa ya chakula kufyonzwa. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili, ikiwemo potasiamu ambayo moyo unaitegemea. Mizani itashuka asubuhi na kupanda jioni.

Ni mimi niliyemsababishia?

Hakuna sababu moja. Kuna urithi ndani ya damu, kuna tabia ya kutaka kila kitu kikamilike, kuna dhihaka za shuleni, kuna kunyanyaswa, kuna msiba, kuna simu. Kwa hiyo usijihukumu. Lakini unaweza kuacha leo kumwita kibonge au kimbaombao, kulinganisha nyonga zake na za binamu yake mbele ya wageni, na kujisema wewe mwenyewe vibaya kila unapojitazama. Waambie na mashangazi. Hilo la mashangazi ni gumu, nalijua, lakini lifanye.

Nimwambieje bila kumfukuza?

Usimwambie mezani. Usimwambie mbele ya watu. Usitaje umbo lake hata kwa kumsifu. Mchagueni anayemsikiliza, na mara nyingi si mama. Ni bibi, shangazi, au somo yake. Sema ulichokiona kwa macho yako, basi.

"Mwanangu, juzi na jana nimeona chakula chako umekirudisha, na usiku nikakusikia unatapika. Sikugombezi. Nataka kujua unaumia wapi."

Atasema, "Sina kitu, mama." Wengi husema hivyo mara ya kwanza, na ya pili. Jibu: "Sawa, mwanangu. Hata hivyo Jumatatu tutakwenda wote hospitali kupima, na nitakaa nje ukitaka kuongea na daktari peke yako." Halafu kaeni kimya pamoja. Usimlipe pesa ili ale, usimpige, usimfungie. Usimwapishe kwa msahafu wala Biblia kwamba hatarudia, maana atarudia, na sasa atakuwa na dhambi ya kuficha juu ya ugonjwa.

Ni mimi mwenyewe. Nitajuaje?

Pole, mpenzi, na ahsante kwa kusoma mpaka hapa. Madaktari wa London walitoa maswali matano mwaka 1999, ambayo hutumika kama kichujio cha kwanza. Nayaeleza kwa maneno yangu. Je, hujitapisha kwa sababu umejisikia umeshiba kupita kiasi? Unaogopa kwamba huwezi tena kujizuia unapokula? Umepungua zaidi ya kilo 6 ndani ya miezi mitatu? Unajiona mnene wakati wengine wanakwambia umekonda? Ungesema chakula kinatawala maisha yako? Ukijibu ndiyo kwa mawili au zaidi, tafuta mtaalamu. Ukijibu ndiyo kwa moja tu na linakunyima usingizi, mtafute vilevile.

Huhitaji kuwa mgonjwa zaidi ndipo ustahili msaada. Na kama umetapika leo, sukutua kwa maji, usipige mswaki papo hapo. Jino likiwa limelainishwa na asidi, mswaki unaliparua. Subiri angalau nusu saa.

Ni lini nisisubiri Jumatatu?

Mpeleke sasa hivi akizimia, moyo ukimwenda mbio au ukiruka mapigo, akiumwa kifua, akitapika damu, akipata degedege, akishindwa hata kunywa maji, akichanganyikiwa, au akidhoofika mpaka hawezi kuinuka alipochuchumaa. Mwenye kisukari anayeruka sindano za insulini ili apungue ni dharura, hasa akipumua kwa kina na mdomo ukinuka kama matunda.

Na akisema anataka kufa, amini. Anoreksia ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi. Wengine huenda kwa moyo, wengine kwa kujiua. Usimwache peke yake usiku huo.

Amekubali kula. Nimpikie nini?

Najua unachotaka kupika. Jizuie. Mtu aliyekaa siku nyingi karibu bila chakula akishindiliwa sinia la pilau anaweza kufa kwa ajili ya hilo pilau. Mwili uliozoea njaa ukipokea chakula kingi ghafla huvuta fosfeti, potasiamu na magnesi kutoka kwenye damu, na moyo unashindwa. Jambo hili lilionekana kwa mateka wa Vita Kuu ya Pili waliokombolewa na kulishwa. Kwa hiyo aliyejinyima sana aanze kula akiwa chini ya uangalizi wa hospitali, kidogo kidogo, huku damu ikipimwa. Miguu ikivimba au pumzi ikimpungukia baada ya kuanza kula, mrudishe haraka.

Nimpeleke wapi?

Anza hospitali ya wilaya au ya mkoa, umwombe daktari akuandikie rufaa kwenye kitengo cha afya ya akili. Muhimbili kipo, Dodoma kuna Mirembe, Unguja Kidongo Chekundu, Nairobi Mathari, Kampala Butabika. Najua majina haya yanaogopwa, na mama atauliza watu watasema nini. Mpeleke kliniki ya kutwa, arudi nyumbani jioni, wengi hawalazwi. Kwa mtoto, Tanzania na Kenya namba 116 hupokea simu bure. Mlioko Uingereza, anzieni kwa daktari wenu wa familia, na shirika la Beat lina msaada wa wagonjwa na ndugu zao.

Matibabu hasa ni mazungumzo yenye utaratibu, lishe inayosimamiwa, na kwa wengine dawa. Kwa vijana wenye anoreksia, njia iliyoanzia hospitali ya Maudsley, London, huwarudishia wazazi jukumu la kuulisha mwili wa mtoto wao kwa muda, bila lawama, wakisaidiwa na mtaalamu. Naipenda kwa sababu inatufaa: nyumba zetu zina bibi, shangazi, kaka, na kila mlo unaweza kuwa na mtu wa kukaa naye.

Wanapona?

Wengi wanapona, hasa wakiwahiwa. Huchukua miezi, mara nyingi miaka, na kuna kurudi nyuma. Yule binti wangu alikosa muhula mzima. Aliporudi hakuwa kiranja wa chakula tena, yeye mwenyewe ndiye aliyeomba, na nilimpangia kukaa meza ya tatu pamoja na mimi. Kulikuwa na siku alimaliza sahani na siku alilia juu ya nusu kikombe cha uji.

Nikimpeleka, daktari akasema hana kitu?

Itatokea, kwa sababu wengi hawakufundishwa sana jambo hili. Usigombane. Toa daftari lako: tarehe, mlo, alichokula, alichofanya baadaye, hedhi ya mwisho, dawa ulizozikuta. Omba wampime presha na mapigo akiwa amelala kisha amesimama, potasiamu na fosfeti kwenye damu, na umeme wa moyo. Omba pia, kwa upole, aongee naye bila wewe kuwepo. Kama majibu ni mazuri na nyumbani bado unasikia bomba likifunguliwa kila baada ya mlo, usiyafanye majibu hayo kuwa ya mwisho: kwa mtu anayetapika kila siku, potasiamu iliyokuwa sawa Jumatatu inaweza kuwa imeshuka Ijumaa. Rudi naye.